Msumeno Uliozaliwa na Cherehani



Theluji ikishayeyuka hapa Akalla, swali moja huzunguka kutoka ngazi hadi ngazi: tununue msumeno gani wa jigsoo utakaodumu? Huyu anataka kukata rafu za jikoni, yule ana kibanda chake cha bustani. Wengi wetu hata hatuununui kwa ajili ya huku. Tunaufunga kwenye mzigo uendao nyumbani, kwa seremala wa ukoo anayekula kwa jasho lake. Kwake yeye chombo kikifa, kazi imekufa. Ndiyo maana tumeona tuanze na historia.

Mwaka 1946, katika mji wa Solothurn nchini Uswisi, mhandisi Albert Kaufmann wa kiwanda cha Scintilla alichukua cherehani ya mkewe, akachomoa sindano, akaweka mahali pake wembe wa msumeno. (Tunamwonea huruma mkewe.) Mwaka 1947 kampuni ikatoa sokoni msumeno wa mkono uliotokana na wazo hilo, kwa jina la Lesto, na mwaka 1954 Bosch ya Ujerumani ikaichukua Scintilla. Waswidi huuita sticksåg, yaani msumeno wa kudunga, na kitenzi hicho hicho kwao ni kufuma sweta.

Si kwamba mapindo yalianza na Kaufmann. Atazamaye roshani za ile zahanati ya Tharia Topan pale Unguja, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 1887, ataona mbao zilizotobolewa kama lesi. Mashine hii ilileta wepesi tu, ustadi ulikuwepo.

Basi tuukague kama mama zetu walivyokagua cherehani. Mama hakuuliza kwanza inakimbia kasi gani, alitikisa kile kinachoshika sindano. Nasi, msumeno ukiwa haujachomekwa kwenye umeme, tuushike wembe kwa vidole tuutikise kulia na kushoto. Ukicheza dukani, kwenye ubao mnene utapinda, na sehemu ya juu ya mkato haitalingana na ya chini. Kigurudumu kinachouegemeza wembe kwa nyuma kiwe imara. Kitako kiwe cha aluminiamu nene, kwani cha bati jembamba kikianguka mara moja hakinyooki tena. Wembe uwe wa mkia wenye umbo la herufi T, unaopatikana kwa wingi.

Wati zisituroge. Msonobari wa huku ni laini. Mninga na mvule havina mzaha.

Kwa mzigo wa nyumbani sisi tunapendelea msumeno wa waya, wenye mota ya makaa yanayobadilishwa. Makaa yakiisha, fundi wa Keko au Gikomba huweka mengine, kazi ikaendelea. Mota zisizo na makaa zina maisha marefu, ila saketi yake ikiungua, kuitengeneza ni shida. Betri nayo huzeeka hata ikikaa kabatini. Umeme usitutie hofu: Uswidi ni volti 230, Tanzania 230, Kenya 240, na zote ni hezi 50. Plagi tu ndiyo ya kubadilisha.

Kwa anayekatia hapa hapa, akumbuke majengo yetu. Akalla ilijengwa miaka ya 1970, wakati wa ule mpango wa nyumba milioni, mitaa ikapewa majina ya Kifini, na treni ya chini ya ardhi ikafika mwaka 1977. Zege la wakati ule husafirisha mtetemo kutoka ghorofa hadi ghorofa, na msumeno unaocheza hutetemesha zaidi. Mbao ifungwe kwa jiriwa, na kazi ifanyike mchana.

Na kwa kuwa meno ya wembe wa kawaida hukata yanapopanda juu, ule uso wa ubao mtakaouonyesha wageni ulazwe chini.