Mafundi wa Daraja la Anga la Berlin

Katika kumbukumbu za wanajeshi waliozihudumia ndege za mizigo za Berlin mwaka 1948 na 1949, jambo moja hujirudia: vumbi la makaa ya mawe. Liliwaganda ngozini na kwenye nywele, likapenya chini ya sakafu ya ndege, likazisaga nyaya za chuma zinazoendesha usukani na kuharibu miunganisho ya umeme. Takriban theluthi mbili ya shehena yote iliyopelekwa Berlin kwa ndege ilikuwa makaa, na mwanzoni yalipakiwa kwenye mabegi ya turubai ambayo askari hubebea nguo zao. Kila begi lilivuja. Makaa yakishashushwa, safari ya pili huenda ikawa ya unga, na unga ukikutana na unyevu hugeuka uji mzito unaonata kila pembe.

Historia ya operesheni ile imeandikwa zaidi kwa jicho la rubani. Gail Halvorsen, aliyewadondoshea watoto wa Berlin peremende zilizofungwa kwenye vitambaa vya mkononi, anastahili kila sifa aliyopewa. Lakini kwa maoni yangu jiji lile liliokolewa kwanza na watu wa spana na grisi, na simulizi zao zinaeleza kwa nini daraja la anga halikuporomoka kipupwe kilipoingia.

Wasovieti walifunga barabara, reli na mifereji ya kuingia Berlin Magharibi tarehe 24 Juni 1948. Zaidi ya watu milioni 2 walibaki na njia tatu za angani tu, kila moja ikiwa na upana wa maili 20. Siku mbili baadaye Wamarekani walianza kuruka na C-47, ndege ya mkia chini iliyobeba kama tani tatu na nusu. Sakafu yake ilipanda mlima kuelekea mbele, kwa hiyo wapakiaji walisukuma magunia kwenye mteremko huo mchana na usiku. Baadaye zilikuja C-54 Skymaster, zikakusanywa kutoka Alaska, Hawaii, Texas na Panama. Hizi zilibeba tani 10 na sakafu yake ilikuwa tambarare, ingawa mlango wake ulikuwa juu sana kutoka ardhini.

Shida ni kwamba Skymaster iliundwa kwa safari ndefu. Ndege ya kuvuka bahari huruka mara moja na kutua mara moja kwa siku nzima. Sasa ilitakiwa kuruka na kutua mara kadhaa kwa siku, kila mara ikiwa imejaa hadi ukomo, na kule Tempelhof, uwanja wa ndege wa Berlin, ikishuka ghafla juu ya mapaa ya maghorofa. Breki zilikwisha, matairi yakapasuka, na injini zilizolazimishwa kutoa nguvu zote katika kila mruko zikachakaa kabla ya wakati wake. Injini moja ina silinda 14, na kila silinda ina plagi mbili. Ndege ina injini nne, kwa hiyo fundi alikuwa na plagi 112 za kuangalia kwenye ndege moja, huku mvua ya Ujerumani ikimnyeshea mgongoni, kwa kuwa kazi nyingi zilifanyika nje.

Jenerali William Tunner alichukua uongozi mwishoni mwa Julai 1948. Alikuwa amesimamia usafirishaji wa shehena juu ya Himalaya kati ya India na China wakati wa vita, na alipenda ratiba isiyo na mashujaa. Tarehe 13 Agosti, siku ya mawingu mazito, ndege moja iliungua mwishoni mwa njia ya kurukia ya Tempelhof, nyingine ikapasua matairi, na zilizobaki zikarundikana angani. Tunner alizirudisha zote nyumbani. Tangu hapo, rubani aliyeshindwa kutua mara ya kwanza alirudi na shehena yake. Marubani na wenzao wa ndani ya ndege walikatazwa hata kuondoka kando ya ndege wakiwa Berlin. Chai na vitafunio viliwafuata kwa gari, na baada ya kama nusu saa walikuwa wameshaondoka.

Matengenezo nayo yakapangiwa mfumo. Ukaguzi wa kila saa 50 za kuruka ulifanyika kambini. Ndege ikifikisha saa 200 ilipelekwa Oberpfaffenhofen karibu na Munich, kisha kuanzia Novemba 1948 Burtonwood, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Huko ilioshwa kwanza, makaa na unga vikaondolewa, halafu ikasogezwa kutoka kundi moja la mafundi hadi jingine. Ikifikisha saa 1,000 ilivuka Atlantiki kurudi Marekani kufumuliwa na kuundwa upya. Waliokaa Burtonwood hukumbuka zaidi makazi mabovu na baridi yenye unyevu isiyokauka mwilini.

Hata hivyo mafundi hawakutosha, na hapa ndipo simulizi hizi zinaponigusa zaidi. Tunner aliomba ruhusa ya kuajiri mafundi Wajerumani waliowahi kulitumikia jeshi la anga la Hitler. Hans-Detlef von Rohden, aliyekuwa jenerali wa jeshi hilo, alisaidia kuwapata, na vitabu vya ufundi vikatafsiriwa kwa Kijerumani. Miaka mitatu tu baada ya vita, mtu aliyewahi kukaza boliti za ndege za adui alikuwa ndani ya injini ya Mmarekani, na maisha ya marubani yakategemea uaminifu wa mkono wake.

Waingereza, walioshiriki pia katika daraja hilo, walikuwa na tatizo jingine, nalo ni chumvi, inayokula chuma haraka kuliko makaa. Wakaikabidhi kwa Sunderland, ndege za kutua majini ambazo tayari zilikuwa zimekingwa dhidi ya maji ya bahari. Ziliondoka mto Elbe karibu na Hamburg na kutua katika maji ya Havel, ndani ya Berlin, mpaka tishio la barafu lilipozisimamisha Desemba 1948.

Kati ya tarehe 15 na 16 Aprili 1949, kwa saa 24, safari 1,398 zilifikisha tani 12,941, karibu ndege moja kila dakika. Wasovieti walifungua barabara tarehe 12 Mei, lakini ndege ziliendelea hadi tarehe 30 Septemba ili kujaza maghala. Waingereza 39 na Wamarekani 31 walipoteza maisha, na wapo Wajerumani pia waliokufa katika kazi hiyo.

Sakafu za mteremko na milango ya juu iliyowatesa wapakiaji zilipata jibu baadaye: ndege ya mizigo ya C-130, iliyoruka mara ya kwanza Agosti 1954, ilikuja na sakafu inayolingana na kimo cha lori na mlango mpana wa nyuma unaoshushwa hadi chini. Wapakiaji wa Berlin wangeipokea kwa mikono miwili.