Kwa Nini Lenga-lenga Inatoka Nyeusi

Picha za bustani zinazotoka kambini kwetu Nyarugusu nyingi zimepigwa jioni, na mtu yeyote anayeishi hapa anajua sababu. Asubuhi ni foleni ya maji au ya mgao. Mchana jua linaunguza. Na simu yenyewe iko kwa kijana wa sola, inachaji. Mama anaifuata saa kumi na moja, anarudi, anamwagilia, anaweka chungu motoni, halafu ndiyo anakumbuka: wale wa mradi walisema tutume picha. Hapo imeshafika saa kumi na mbili na nusu. Na huku karibu na ikweta giza haliingii polepole kama wageni wetu walivyozoea kwao. Linaanguka.

Picha inayotoka mnaijua, ninyi mnaoipokea ofisini. Juu mbingu nyeupe kama karatasi, chini weusi mtupu, katikati kitu kama mtu ameinama. Nilikuwepo siku ofisa mmoja, shirika lake silitaji, alipomwambia mama wa kijiji chetu kwamba bustani yake haijastawi. Alikuwa hajafika kuiona. Alikuwa ameona picha. Lenga-lenga ya yule mama, ile ambayo wenyeji wa Kasulu wanaiita mchicha, ilikuwa inamfika magotini. Awamu ya mbegu iliyofuata, jina lake halikuwemo kwenye orodha.

Kabla ya kukimbia nilikuwa napiga picha Uvira, za pasipoti na za harusi, na kila Jumamosi sasa tunakaa chini ya mwembe tukiangalia picha za wenzetu na kuzisema bila kuoneana haya. Swali linalorudi kila mara ni moja: kwa nini majani yanatoka meusi? Jibu lina historia ndefu.

Mimea ilikuwa kati ya vitu vya kwanza kabisa kupigwa picha. Uingereza, miaka ya 1830, bwana mmoja aitwaye William Henry Fox Talbot alipaka karatasi dawa ya fedha, akalaza jani juu yake na kuiacha juani. Karatasi ikawa nyeusi, chini ya jani ikabaki nyeupe. Mwaka 1843 mwanamke, Anna Atkins, akaanza kutoa kitabu cha mimea ya baharini kwa njia ya namna hiyo, lakini kwa dawa ya chuma inayogeuka buluu, ambayo John Herschel alikuwa ameigundua mwaka mmoja kabla. Hakutumia kamera. Alitumia mmea, karatasi na jua. Nawapenda watu hawa kwa sababu wanatuonyesha mwanzo ulivyokuwa: hakuna aliyedhani picha ya mmea inaweza kupatikana bila jua la kutosha.

Shida ilianza kamera ilipotolewa nje na kuelekezwa bustanini. Dawa ya zamani ilikuwa inaona rangi ya buluu tu, na zile zilizo karibu nayo. Kijani haikuiona vizuri, nyekundu karibu haikuiona kabisa. Kwa hiyo mbingu ikawa inaungua na kuwa nyeupe, majani yakawa kama yamepitiwa na moto, na nyanya iliyoiva ikatoka nyeusi kama mkaa. Msomaji, si unaona? Ndiyo picha yetu ya saa kumi na mbili na nusu, ila wao waliipata saa sita mchana. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1873, ambapo Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba ukichanganya rangi fulani kwenye dawa, inaanza kuona na kijani. Vioo vinavyoona rangi zote vilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1906.

Sasa twende kwenye simu. Mwaka 1976 Bryce Bayer, aliyekuwa mfanyakazi wa Kodak Marekani, alipata hati ya ugunduzi wake: kile kipande kidogo ndani ya kamera kinachopokea mwanga kifunikwe na vichujio vya rangi, nusu yake kijani, robo nyekundu, robo buluu. Aliipa kijani nusu nzima kwa sababu jicho la binadamu linachukua undani mwingi kutoka kwenye kijani. Simu nyingi tulizo nazo mikononi, hata ile ya bei ndogo yenye kioo kilichopasuka, zimejengwa kwa mpango huo au mpango uliotokana nao. Kumbe kamera ambayo zamani ilikuwa kipofu wa majani, leo kijani ndiyo rangi inayoiona vizuri kuliko zote.

Basi kwa nini bado nyeusi?

Hapo ndipo wengi wanasema, "Simu yangu ni mbovu." Hapana. Simu inafanya hesabu. Inaangalia mwanga wote uliomo ndani ya picha, inatafuta wastani, halafu inataka wastani huo utoke kijivu cha katikati. Kanuni hiyo ya kijivu ina umri kuliko simu. Wapigapicha wa filamu walibeba kadi ya kijivu inayorudisha asilimia 18 ya mwanga, wakapimia hiyo. Tulilijaribu chini ya mwembe. Tukapiga picha ya turubai jeupe, likajaa kioo chote: likatoka kijivu. Tukapiga sufuria lenye masizi, nalo likajaa: likatoka kijivu hilohilo. Vijana walicheka sana. Simu haikujua turubai ni jeupe wala masizi ni meusi.

Sasa weka bustani ya jioni. Mbingu bado ina mwanga, ardhi haina. Mama amesimama, simu iko usawa wa kifua, mbingu inachukua nusu ya picha. Simu inaona nusu hiyo, inasema mwanga ni mwingi, inapunguza. Kilichopunguzwa ni lenga-lenga. Simu mpya hujaribu kujitetea kwa kupiga picha kadhaa haraka na kuziunganisha, lakini nazo hushindwa mbingu ikizidi.

Dawa ya kwanza ni kuitoa mbingu. Inama, elekeza simu chini, majani yajae. Kisha gusa jani lenye giza kwenye kioo, subiri, utaona picha yote inapanda. Hiyo peke yake imeokoa picha nyingi kuliko kitu kingine chochote tulichofundishana.

Dawa ya pili ni utulivu. Giza likija, simu inaacha mlango wake wazi muda mrefu zaidi, labda sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, na mkono wa mtu aliyebeba maji siku nzima hautulii muda huo. Weka simu juu ya bidoni la lita 20, iegemeze kwenye jiwe. Bidoni tunayo kila nyumba.

Flashi mimi siipendi, na hapa nitabishana na yeyote. Mwanga wake unakufa haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, unabaki robo. Kwa hiyo jani la mbele linaungua jeupe, tuta la nyuma linazama. Lile turubai jeupe, au hata gunia la unga lililogeuzwa, ukilishika upande wa pili wa mmea linarudisha mwanga mdogo uliobaki, na unauona ukiingia chini ya majani. Na futa jicho la kamera. Mafuta ya mkono peke yake yanatosha kuweka ukungu kwenye picha nzima.

Kuna jambo la mikono. Wafadhili wanataka kumwona mtu ndani ya bustani, sawa. Lakini filamu za rangi zilipoenea, maabara zilirekebisha rangi kwa kufuata kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Ngozi yetu haikuwemo kwenye hesabu. Waliofanya kazi huko wameeleza kwamba malalamiko yaliyosikilizwa mapema yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, ambao hudhurungi zao zilikuwa zinafanana zote. Simu za leo ni bora kuliko hapo. Hata hivyo, ukimvalisha mama kitenge cheupe na kumsimamisha mbele ya turubai jioni, simu itahesabu kitambaa, na uso wake utapotea. Mweke mbele ya ukuta wa udongo, ageukie upande ulio na mwanga, na umguse uso kwenye kioo. Ofisa anayepiga picha za ziara naye afanye hivyo.

Mtu ninayemtaja zaidi Jumamosi ni Charles Jones. Alikuwa mtunza bustani wa nyumba za matajiri Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na alipiga picha za maharage, vitunguu, kabichi, viazi. Hakusimama mbali kuonyesha shamba lote. Alichukua mboga chache, akaziweka mbele ya kitambaa kisicho na kitu, akasogea karibu, akaacha mwanga mdogo ufanye kazi yake taratibu. Kitunguu chake kina heshima ya chifu. Alifariki mwaka 1959, na kama mpigapicha hakuna aliyemjua. Mwaka 1981 picha zake mamia kadhaa zikaonekana ndani ya sanduku kwenye soko la vitu vya zamani la Bermondsey, London. Vile vioo alivyopigia havikupatikana. Inaelezwa kwamba uzeeni alivitumia bustanini kufunikia miche ichanganyayo mapema, isife kwa baridi.

Kilichookoa kazi yake ni mgongo wa picha. Nyuma ya kila moja aliandika jina la mmea na jina lake au herufi zake mbili. Sisi picha zetu zinakwenda bila mgongo. Zikifika kwenye ripoti chini yake kunaandikwa "mnufaika na bustani yake", na lenga-lenga inaweza kuwa ya mtu yeyote, hata ya kambi nyingine. Kwa hiyo tumeanza kukata kipande cha boksi, tunaandika kwa mkaa jina la mmea, wiki tangu kupandwa, na alama ambayo mwenye bustani ameichagua mwenyewe, maana si kila mtu hapa anataka jina lake litembee. Boksi linachomekwa kwenye tuta na kuingia ndani ya picha. Yule mama wa lenga-lenga amechora samaki.

Jumamosi ijayo ni bilinganya. Hiyo ni ngumu: ngozi yake ni nyeusi na inang'aa kama kioo, kwa hiyo inabeba mwanga wa mbingu kama doa jeupe na kwingine inazama. Njooni na turubai mbili, moja jeupe. Mwenye kitambaa cha kijivu akilete pia.