Kuchoka na Kuchoshwa

Sisi walimu wa Kiswahili twajua kwamba kuchoka si kuchoshwa. Aliyechoka aweza kulala akaamka mzima. Aliyechoshwa ana kinachomchosha, na usingizi haukiondoi. Tofauti hiyo yatufaa tunapotazama historia fupi ya kipimo kimoja.

Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, alieleza hali aliyoiona miongoni mwa wahudumu wa zahanati ya bure, naye akiwa mmoja wao: walianza kwa ari, kisha ari ikazimika kama taa iliyokwisha mafuta. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakachapisha kipimo cha hali hiyo. Kina sentensi 22, na mfanyakazi hueleza kila hisia humjia mara ngapi, tangu 0, yaani kamwe, hadi 6, yaani kila siku. Hupimwa mambo matatu: moyo kuishiwa nguvu, kuwatendea wagonjwa au wanafunzi kama vitu, na kuona kwamba juhudi yako haizai matunda.

Sasa tukipeleke kipimo hicho Juba. Chuo Kikuu cha mji huo kilianzishwa mwaka 1975, vita vikakihamishia Khartoum, nacho kikarejea baada ya amani ya 2005. Desemba 2013, na tena Julai 2016, risasi zililia mjini. Februari 2024 bomba la kusafirisha mafuta liliharibika, na mishahara ya watumishi wa serikali, iliyokuwa imekwisha kukwama, ikazidi kukawia kwa miezi mingi.

Muuguzi wa Juba akijibu 6, tutajua amechoka. Lakini hakuna sentensi hata moja kati ya zile 22 imwulizayo kama amelipwa. Waswahili husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maslach mwenyewe amesisitiza kwamba chanzo kitafutwe katika mazingira ya kazi, si katika udhaifu wa mtu. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii kuwa ni jambo la kazini, wala si ugonjwa.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Iwapo siku moja tutaombwa kuwatafsiria walimu na wauguzi wake kipimo hicho, tusiandike “nimechoka” pekee. Tuandike pia “nimechoshwa”, kwa maana kitenzi hicho humlazimu msikilizaji kuuliza: na nini?