Pembe ya kondoo na kilio cha mama wa adui

Kwaya zetu zikiimba kuhusu parapanda ya siku ya mwisho, wengi tunapata picha ya tarumbeta la shaba linalong'aa kama la bendi ya polisi. Lakini chombo kinachopigwa kwenye Biblia ya Kiebrania, pale Sinai na kule Yeriko, ni kitu cha kawaida sana: pembe ya kondoo dume iliyotobolewa upande wa ncha. Wayahudi wanaiita shofa. Haina tundu za vidole wala vali. Kinachohitajika ni midomo na pumzi tu, na mara nyingi inatoa sauti ya kukwaruza.

Na ile yubilei tunayochangishwa kila parokia inapotimiza miaka 25? Neno limetoka huko huko. Kwa Kiebrania "yovel" ni kondoo dume, au pembe yake. Kila mwaka wa 50 pembe ilipigwa kutangaza kwamba watumwa waende huru na ardhi irudi kwa wenyewe. (Sisi tumebakiwa na keki na fulana.)

Leo shofa inasikika zaidi siku za Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, ambapo sinagogi nyingi hupiga milio 100 kwa siku. Taurati inasema tu kwamba siku ya kwanza ya mwezi wa saba iwe siku ya "terua", yaani ya mlio, bila kutoa sababu. Sababu wakazitoa marabi, na marabi hawakosi maneno! Pembe ya kondoo inamkumbusha Mungu yule kondoo aliyechinjwa badala ya mtoto wa Ibrahimu, kisa ambacho Waislamu wanakienzi kila Idi ya kuchinja. Pembe ya ng'ombe haifai, maana Mungu asije akamkumbuka ndama wa dhahabu. Maimonides, mwanazuoni wa karne ya 12 aliyeishi Misri, yeye aliona ni sauti ya kuwaamsha waliolala ili wachunguze matendo yao.

Lakini maelezo yanayonigusa zaidi ni ya Talmudi. Wazee walijiuliza: terua inatakiwa isikike vipi hasa? Tafsiri ya Kiaramu inaiita kilio, na neno la mzizi huo huo linatumika kwenye kitabu cha Waamuzi kumhusu mama wa Sisera. Sisera, kama umesahau, ni jemadari wa Kanaani aliyekuwa na magari ya chuma 900, ambaye jeshi lake liliwaonea Waisraeli kwa miaka 20, mpaka mwanamke aitwaye Yaeli alipompigilia kigingi cha hema kichwani. Mama yake amesimama dirishani anashangaa mbona mwanawe anachelewa, na analia.

Basi marabi wakabishana mama huyo alilia vipi. Aliguguma kwa kuvuta pumzi, au alilia kwa kwikwi fupi fupi za haraka? Rabi Abahu wa Kaisaria, mwishoni mwa karne ya 3 hivi, akakata shauri kwamba zipigwe zote. Ndiyo maana hadi leo kuna "shevarim", milio mitatu iliyokatika, na "terua", milio mifupi tisa, huku "tekia", mlio mmoja mrefu, ukitangulia na kufunga.

Hebu fikiria. Walikuwa na Raheli, walikuwa na Hana, akina mama wa kwao waliolia machozi ya kutosha. Wakachukua kipimo chao kwa mama wa adui.

Sasa nenda Yerusalemu, karne ya 20. Ukuta wa Magharibi ni mabaki ya kuta zilizozunguka uwanja wa Hekalu, ambalo Warumi walilibomoa mwaka 70. Kwa Wayahudi hakuna mahali pa kusali panapopita hapo. Kwa Waislamu ni ukuta wa Al-Aqsa, alipofungwa Buraq usiku wa Miraji, na kichochoro kilicho mbele yake kilikuwa mali ya wakfu. Agosti 1929, baada ya mwaka mzima wa mvutano juu ya ukuta huo, ghasia zililipuka Palestina. Wayahudi 133 na Waarabu 116 waliuawa, wengi wa Waarabu kwa risasi za askari wa Waingereza waliokuwa wakitawala. Serikali ikaweka masharti: Wayahudi wasali hapo, ila shofa marufuku. Mwaka 1931 likawa agizo rasmi la kifalme.

Siku ya Yom Kippur ya mwaka 1930, kijana wa miaka 26 aitwaye Moshe Segal, mfuasi wa Jabotinsky, alificha shofa, akajifunika shuka la sala na kuipiga mbele ya polisi. Alikamatwa papo hapo. Kwa maelezo yake, aliachiwa usiku baada ya Rabi Mkuu Kook kutuma ujumbe kwamba hatafungua saumu mpaka kijana atoke. Mwaka uliofuata vijana wengine wakaingiza pembe, na uliofuata tena, mpaka 1947. Baadhi yao walifungwa jela.

Nawaelewa vijana hao. Mtu kuzuiwa kusali kwa namna ya baba zake ni jambo zito. Lakini nawaelewa pia waliosikia mlio ule kama hodi ya mtu anayekuja kuchukua nyumba. Pembe ikawa hati ya kiwanja.

Kuanzia 1948 hadi 1967 mji huo wa kale ulikuwa chini ya Jordan, na Wayahudi hawakufika ukutani. Juni 7, 1967, jeshi la Israeli lilipouteka, Rabi Shlomo Goren, rabi mkuu wa jeshi hilo, alipiga shofa hapo mbele ya wanajeshi waliokuwa wakilia. Usiku wa Juni 10 matingatinga yaliingia mtaa wa Wamaghribi uliokuwa mbele ya ukuta, mtaa wenye umri wa zaidi ya miaka 700. Wakazi walipewa muda mfupi watoke, na nyumba zaidi ya 100 zikavunjwa. Uwanja mpana wanaposimama maelfu ya watu kusikiliza shofa kila Yom Kippur inapomalizika ndipo zilipokuwa nyumba hizo.