Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ushahidi upo Ujiji.

Oktoba 1871 David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa na amechoka, akitegemea nguo na shanga alizotumiwa kutoka Unguja. Alikuta karibu zote zimekwisha. Sherif, aliyekabidhiwa shehena ile, alikuwa ameiuza na kununua pembe za ndovu. Livingstone akabaki fukara mpaka Stanley alipofika na msaada.

Mhasibu angemwuliza Sherif swali moja: pembe hizi zimetokana na nini? Kanuni ya uhasibu ni fupi: mali ni sawa na deni kujumlisha mtaji. Pembe zilikuwa mali kweli, lakini upande wa pili lilikuwapo deni la mwenye nguo. Sherif alilifanya deni kuwa mtaji.

Makosa hayo hayakuzikwa Ujiji. Chukua mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi. Ana shilingi 300,000 zake, anakopa 200,000, ananunua dagaa wa 500,000. Akiwauza kwa 600,000, faida ni 100,000 na mtaji unafika 400,000. Deni liko palepale. Akitumia 450,000 kwenye harusi, mkononi zinabaki 150,000, na anadaiwa 200,000. Mtaji umekwisha, na 50,000 za mwenziwe zimeliwa.

Basi kila unapokopa, unapouza na unapolipa, andika pande zote mbili siku ileile. Fedha iliyo mfukoni haisemi ni ya nani. Daftari ndilo husema.