Nyaraka za programu: mwongozo, maelekezo, rejea na maelezo

waraka nm (wingi: nyaraka) [u-/zi-] 1. barua au andiko rasmi, hasa la ofisi au serikali. 2. (katika kompyuta, hutumika kwa wingi) maandishi yanayoandamana na programu ili kumwezesha mtu kuitumia. Asili yake ni Kiarabu.

Matumizi

Husemwa *waraka huu* na *nyaraka hizi*. *Nyaraka hii* ni kosa. Katika maana ya pili, *nyaraka* ni jina la jumla. Mwandishi au mfasiri anayetaka kuziboresha huanza kwa kutenganisha aina nne, kwa kuwa kila moja hujibu swali lake:

- mwongozo [u-/i-]: humshika mkono mgeni, hatua kwa hatua. *Nianzie wapi?*
- maelekezo [ya-/ya-]: hutatua kazi moja mahususi. *Nifanyeje jambo hili?*
- rejea [i-/zi-]: hutaja kila amri na inachopokea, bila simulizi. *Amri hii inataka nini?*
- maelezo [ya-/ya-]: hufafanua sababu. *Kwa nini iko hivi?*

Mfano kutoka Mara

Leaflet ni maktaba huria ya programu, yaani mkusanyo wa msimbo ulio tayari, ambao mtunzi wa tovuti huutumia kuonyesha ramani. Maktaba hiyo hupokea latitudo kwanza, kisha longitudo. Kwa makadirio, Musoma ni -1.5 na 33.8. Muundo wa data uitwao GeoJSON hufuata mpangilio wa kinyume: longitudo hutangulia. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo akizigeuza namba, Musoma itatokea Afrika Kaskazini, karibu na mpaka wa Moroko na Aljeria. Akisahau alama ya kutoa, inayoonyesha kusini mwa Ikweta, mji utahamia mashariki mwa Uganda, jirani na Soroti. Programu haitalalamika, kwa kuwa namba hizo bado ni halali.

Hapa rejea hutaja mpangilio, na maelezo hubainisha kwamba mifumo miwili hutofautiana. Mwongozo nao hufaa utumie mahali anapopajua msomaji. Mtu wa Mara akiona Bunda imekaa kaskazini mwa Musoma, atalitambua kosa bila kuambiwa. Akipewa mfano wa London, atanakili tu.

Jambo hili si la darasani pekee. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania umekuwa ukiongeza vijiji na barabara za Tanzania katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Miongoni mwa wanaoitumia ni watetezi wa wasichana wanaokimbia ukeketaji mkoani Mara, ambako kuna nyumba salama Mugumu na Butiama. Anayetumwa usiku kumfuata msichana hana nafasi ya kukisia kijiji kiko wapi.

Tahadhari kwa mfasiri

1. Jina la amri halitafsiriwi, kwani likibadilishwa herufi moja msimbo hautafanya kazi. Hutafsiriwa ufafanuzi wake.

2. Ngazi za utawala zipewe majina yake halisi. Katika miji ya Musoma na Bunda mtu huishi *mtaani*, katika maana ya kiutawala. Katika vijiji vya Butiama huishi *kitongojini*. Kutafsiri ngazi hiyo ya chini kuwa *kijiji kidogo* ni kupotosha, kwa kuwa kitongoji ni sehemu ya kijiji.

3. Neno moja libaki moja. Ukianza na *msimbo*, usihamie *kodi* katika ukurasa unaofuata. Msomaji atadhani ni vitu viwili, na pengine atafikiria ushuru.

Mifano ya sentensi

*Mwongozo huu ni wa wanaoanza. Ukitaka orodha ya amri zote, tazama rejea.*

*Nyaraka zilisahihishwa, lakini maelekezo ya kusakinisha bado ni ya toleo la zamani.*