Mtoto Akichelewa Kuongea, Usiangalie Ulimi Tu

Mtoto akichelewa kuongea, wazazi wengi huambiwa wasubiri, au wampeleke akakatwe udata. Lakini wapo watoto ambao ulimi ni mzima, masikio yanasikia, na bado lugha inawapa tabu mpaka wanaanza shule. Wataalamu huiita hali hii tatizo la ukuaji wa lugha. Utafiti uliofanyika Surrey, Uingereza, na kutolewa mwaka 2016, ulikuta linagusa kama watoto 2 katika darasa la watoto 30.

Tatizo hili mara nyingi haliishii mdomoni.

Upande wa kufikiri
Mwambie mtoto: "Nenda jikoni, chukua kikombe, mpelekee bibi." Anafika jikoni anasimama tu. Watu wanasema mkaidi, kumbe maneno yameshamtoka kichwani. Kumbukumbu ya muda mfupi ya maneno ndiyo huwa dhaifu kwa wengi wao. Ndiyo maana wataalamu huwapima kwa kuwataka warudie neno lisilo na maana, mfano "bulamikoso". Neno likiwa refu, wanakwama.

Hiyo haina maana kwamba mtoto ni mjinga. Wengi wao wakipewa kazi isiyohitaji maneno, kama kupanga vipande vya picha, wanaenda sawa na wenzao.

Upande wa mwili
Mwaka 2001 mtafiti Elisabeth Hill alipitia tafiti nyingi akaona wengi wa watoto hawa wana shida ya miondoko pia. Kufunga vifungo, kutunga shanga, kudaka mpira, kusimama kwa mguu mmoja, vyote vinawachelewesha. Sababu kamili bado inabishaniwa. Wapo wanaosema ni kwa kuwa kuongea na kutumia mikono vyote hutegemea ubongo kujifunza mambo kwa hatua na mpangilio.

Mzazi afanye nini?
• Masikio yapimwe kwanza, hata kama mtoto anaonekana anasikia.
• Akifika miaka 2 hajaunganisha maneno mawili, kama "mama maji", apelekwe hospitali. Aliyekuwa anaongea kisha akaacha, apelekwe haraka zaidi.
• Apewe agizo moja moja, tena kwa kuonyeshwa kwa mkono.
• Achezeshwe michezo yenye maneno na mwili pamoja, kama nyimbo za kupiga makofi na ukuti ukuti.
• Lugha ya nyumbani isiachwe. Kukua na lugha mbili hakuleti tatizo hili.

Mwalimu naye ana kazi yake. Mtoto asiyejibu swali, anayeandika taratibu na kuangusha mpira, ni rahisi kumwita mvivu na kumsukuma nyuma ya darasa. Jina hilo likishamkaa, msaada hauji, na miaka ambayo angesaidika vizuri zaidi inapita.